Tupeane uzoefu: mliohamia Linux huku Kanda ya Ziwa, mlikwama wapi na mlitokaje?

FundiMakoroboi

Wakuu wa Kanda ya Ziwa, mwangaluka.

Tangu 14 Oktoba 2025, siku Windows 10 ilipoacha kupewa masasisho ya usalama ya kawaida, swali ninaloletewa mezani ni lilelile: "Fundi, hii mashine niitupe?" Wanaouliza wana laptopu za mtumba, HP, Dell na ThinkPad za Core i5 kizazi cha tatu hadi cha saba, vyuma imara vilivyotumika maofisini Ulaya kabla ya kufika Mwanza. Windows 11 inadai TPM 2.0 (chipu ya usalama) na, kwa upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu, ukiacha chache mno za nyuma yake. Ukiilazimisha inaingia, ila Microsoft wenyewe wanasema hawakuhakikishii masasisho. Nyongeza ya muda waliyowapa watu binafsi wa Windows 10 mwisho wake ni 13 Oktoba 2026.

Inaniuma kuona mashine yenye RAM ya GB 8 inauzwa bei ya chuma chakavu. Kwa hiyo nawawekea watu Linux Mint, mfumo endeshi wa bure unaokaa badala ya Windows: mwonekano wa Xfce kwa mashine dhaifu na wa Cinnamon kwa zenye nguvu. Toleo la 22.2 lililotoka Septemba 2025 litahudumiwa hadi 2029. Wapo walioshukuru, na wapo waliorudi wiki hiyohiyo wakidai Windows yao. Nataka kuwasikia wote.

Huko nje hoja imeshika kasi. Jimbo la Schleswig-Holstein la Ujerumani lilitangaza 2024 kwamba kompyuta zake 30,000 zitaacha Microsoft Office na kuhamia LibreOffice, programu za ofisi za bure. Jamii ya KDE, watengenezaji wa programu za Linux, na wenzao wakaanzisha kampeni ya End of 10 kuokoa mashine ambazo Windows 11 imezikataa. Habari njema, lakini jimbo la Ujerumani lina idara nzima ya kompyuta. Sisi tuna bando la kupima na umeme unaokatika mtu akiwa katikati ya kazi. Ndiyo maana naomba simulizi za huku: Mwanza, Ukerewe, Sengerema, Magu, Musoma, Bukoba.

Sema kazi unayofanya, mashine uliyonayo, kilichogoma na ulivyokitatua. Kama hakikutatulika, sema hivyohivyo. Ubishi wa distro (aina ya Linux) ipi ni baba lao tuuweke kando, tafadhali.

MamaStesheneri

Fundi, shikamoo kama umenizidi, na kama sivyo basi habari za kazi.

Nina stesheneri Igoma. Nachapa, natoa kopi, naprinti, napiga picha za pasipoti, nawajazia watu fomu za mtandaoni. Kilichonileta Linux ni flashi za wateja. Mtu anachomeka flashi, unakuta folda zake zote zimegeuka shotikati. Ukibofya moja tu, kirusi kimeshaingia kwenye mashine, na kila flashi itakayochomekwa baada ya hapo inaondoka nacho. Kila baada ya muda nalipa mtu aje apige Windows upya, na wiki mbili mbele mambo ni yaleyale.

Kijana anayenihudumia akashauri kompyuta ya kupokelea flashi iwe Linux. Akanieleza kitu ambacho sikuwahi kukisikia: kile kirusi hakifuti mafaili, kinayaficha, kisha kinaweka shotikati zinazoita skripti ya Windows. Linux haiendeshi skripti hiyo, wala haijali ile alama ya kuficha. Kwa hiyo folda halisi unaziona zimekaa palepale. Mwanachuo anakuja anatetemeka, anasema tasnifu yake imepotea na kesho ndiyo siku ya kukabidhi. Namfungulia mbele ya macho yake, nahamisha mafaili, nasafisha flashi, namrudishia. Huduma hiyo imeniletea wateja hadi kutoka Kisesa.

Sasa mahali nilipokwama. Kwanza fonti. Kazi iliyoandikwa kwa Calibri ukiifungua kwenye LibreOffice mistari inahama, ukurasa wa yaliyomo unasema sura ya tatu iko ukurasa wa 41 wakati imeshasogea 43. Mteja haelewi habari za fonti, anaona umemharibia kazi. Dawa niliyopewa ni kusakinisha fonti za Carlito na Caladea. Herufi zake zina upana uleule wa Calibri na Cambria, basi mistari inakaa. Times New Roman haikunisumbua kwa sababu Liberation Serif ilikuwemo tayari na inafanya kazi hiyohiyo. Hata hivyo kwa kazi kubwa siku hizi namwomba mteja aje na PDF. Ukiwa na PDF hakuna ugomvi.

Pili printa. Ya wino wa kujaza niliichomeka ikatambulika yenyewe, ikaprinti. Ile ya leza ya zamani iligoma kabisa. Nimeiacha kwenye kompyuta yenye Windows 10 ambayo nimeichomoa kwenye intaneti moja kwa moja. Natengeneza PDF kwenye Linux, naipeleka huko kwa flashi yangu mwenyewe isiyoguswa na mteja, naprinti. Si suluhisho zuri sana ila duka linakwenda.

Picha za pasipoti natumia GIMP, programu ya kuhariri picha. Ilinichukua muda kuizoea, siwezi kudanganya. Nilichofanya nimetengeneza karatasi moja yenye visanduku vya picha tayari, mteja akija nabandika tu.

FundiMakoroboi

Mama, asante sana. Hilo la kuchomoa Windows 10 kwenye intaneti wengi hawalifanyi, na ndilo la maana kuliko yote uliyosema. Printa za leza za bei nafuu za miaka ya nyuma zilitegemea draiva (programu ya kuongozea kifaa) ya mtengenezaji, na kama hakuitoa kwa Linux unabaki kuhangaika. Anayetaka kununua printa sasa hivi aulize kama inakubali kuprinti bila draiva, ile teknolojia ya IPP ambayo simu za Android na iPhone hutumia. Ikikubali simu, kwa kawaida na Linux itaikubali.

KijanaWaMabatini

Naongezea kwa wale ambao wakimaliza kusakinisha wanakuta waifai haipo. Usikate tamaa na usitoe mashine. Chomeka simu yako kwa waya wa USB, ingia kwenye mipangilio ya simu, washa kushiriki intaneti kwa USB. Kompyuta inaiona kama waya wa mtandao. Kisha fungua kidhibiti cha draiva cha Mint kikutafutie draiva ya kadi yako. Mimi bando dogo tu lilitosha.

MwalimuNansio

Nashukuru kwa uzi huu, nimeusubiri muda mrefu bila kujua nausubiri.

Nafundisha sekondari Ukerewe. Tulipata kompyuta za mezani za msaada, za umri tofauti. Baadhi zina RAM ya GB 2 na prosesa za biti 32, yaani za kizamani, baadhi ni za biti 64. Zilikuja na Windows za zamani ambazo hata kivinjari kipya hazikubali. Wanafunzi walikuwa wanajifunza kompyuta kwa kuchora ubaoni kibodi.

Nianze na kilichonisumbua zaidi, kwa sababu najua kuna walimu wengine visiwani na vijijini wana mashine kama hizi. Dunia ya Linux inaziacha biti 32. Distro ya Debian, toleo la 13 lililotoka 9 Agosti 2025, haina tena kisakinishi cha mashine hizo. Ubuntu waliacha miaka mingi nyuma. Mozilla nao walitangaza kwamba Firefox 144 ndiyo ya mwisho kwa Linux ya biti 32, na toleo lao la muda mrefu, 140, linafika Septemba 2026. Mwanzoni nilidhani nimefika ukingoni. Njia niliyoipata ni Debian 12, ambayo ina huduma ya muda mrefu hadi Juni 2028, pamoja na antiX, distro nyepesi, kwa zile zilizochoka kabisa. Kompyuta yenye GB 2 ikiwa na antiX inamfungulia mtoto Writer na Calc bila kumkatisha tamaa. Kwa kujifunza kuandika, kupanga jedwali na kuhifadhi faili, inatosha.

Halafu nikachagua ile yenye nguvu kuliko zote, ya biti 64, nikaifanya seva. Nimeweka Kolibri, programu huria (ya bure, yenye msimbo ulio wazi) ya masomo iliyotengenezwa kwa ajili ya shule zisizo na intaneti, na Kiwix, programu ya kusomea tovuti bila intaneti, yenye Wikipedia ya Kiswahili na ya Kiingereza. Kompyuta nyingine zote zinaunganishwa na seva kwa waya kupitia swichi. Mwanafunzi anafungua kivinjari, anaandika anwani ya seva, anasoma. Hakuna bando hata kidogo. Maudhui niliyashusha nikiwa Mwanza wakati wa likizo, nikavuka nayo ziwa kwenye diski ya nje. Wikipedia ya Kiswahili inaingia kwenye flashi ya kawaida. Ya Kiingereza yenye picha ni GB nyingi sana, nilichukua ile isiyo na picha.

Siku ya kwanza mtoto wa kidato cha pili alitafuta "Ukerewe", akakuta makala kuhusu kisiwa chake. Aliita darasa zima. Nikitaja faida za mradi huu kwa mkuu wa shule naanza na hiyo.

Upungufu upo. Maudhui ya Kolibri niliyoyapata mengi ni ya Kiingereza na hayakupangwa kwa muhtasari wetu, kwa hiyo kazi ya kuyapanga mada kwa mada ni ya mwalimu, jioni, baada ya vipindi. Wazazi nao waliuliza kwenye kikao: mtoto akienda ofisini akakuta Word itakuwaje? Niliwaonyesha. LibreOffice ina mpangilio wa vichupo unaofanana na wa Word, unaubadilisha kwenye menyu ya mwonekano. Mtoto anayeelewa mtindo wa aya, pambizo na jedwali hababaishwi na mahali kitufe kilipo.

Umeme ukikatika ghafla mashine zinarudi salama mara nyingi. Niliambiwa ni kwa sababu mfumo wa faili wa ext4 huandika kwanza unachokusudia kufanya ndipo ufanye, hivyo ukiwaka tena unajua ulipoishia. Kazi ambayo mwanafunzi hakuihifadhi inapotea tu, hilo halina dawa zaidi ya kuwazoesha kubonyeza Ctrl na S.

Ombi langu kwa fundi: nahitaji vifurushi vya Debian 12 ambavyo naweza kusakinisha bila intaneti, na swichi ya mtumba yenye milango mingi. Nikija Mwanza nitakutafuta.

Mbeba Kamera Pansiansi

Mimi nilirudi Windows, na nieleze kwa nini ili mwenzangu wa video ajue mapema.

Napiga harusi, sendoff na vipaimara. Nilisikia DaVinci Resolve, programu ya kuhariri video, ipo kwa Linux na ni ya bure. Ipo kweli. Kasoro ni kwamba toleo la bure la Linux halisomi video ya muundo wa H.264 wala sauti ya AAC, na kamera nyingi za huku mtaani zinarekodi hivyohivyo. Ikabidi kila klipu niipitishe kwenye ffmpeg, programu ya kubadili miundo ya video, niigeuze kuwa DNxHR. Inafanya kazi vizuri ila faili linavimba mara nyingi ya ukubwa wake. Harusi moja ya Kihaya yenye mambo ya saa nane mfululizo ilijaza diski kabla sijafika kwenye keki.

Nilijaribu Kdenlive, programu nyingine ya kuhariri, hiyo inasoma kila kitu bila kugeuza. Kwa kazi ndogo naipenda mpaka leo na ipo kwenye laptopu yangu ya pili. Kwa kazi kubwa ya rangi nimebaki na nilichozoea. OBS naitumia kurusha ibada moja kwa moja kanisani kwetu, na hiyo iko kwenye Linux, haijawahi kuniangusha.

Mwana Gengeni

Wakuu mnajisumbua. Kupiga Windows ni elfu kumi, anakuwekea na Office, unaondoka. Haya mambo ya amri nyeusi nani ana muda nayo?

SevaNaMtandao

Mkuu, hiyo ya elfu kumi mara nyingi imewashwa kwa kraki (kiprogramu cha kukwepa leseni), na kraki ili ifanye kazi inakuomba uzime kinga ya virusi na uiruhusu iguse kila kitu. Ni sawa na kumpa mpita njia ufunguo wa nyumba kwa sababu amekuahidi kukuwashia taa. Hapo ndipo paswedi za barua pepe na za benki zinapopotea, na mtu anabaki kusema amelogwa. Nasema hivi kwa uchungu, nimewaona wafanyabiashara wadogo wakipoteza mtaji hivyo.

Na amri nyeusi siku hizi si lazima. Mint unasakinisha programu kwa kubofya. Hata simu yako ya Android, ndani yake kuna kerneli (kiini) ya Linux, ileile aliyoianzisha Linus Torvalds mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki. Hujawahi kuandika amri hata moja.

Mwana Gengeni

Sawa mkuu, nimekuelewa kwenye kraki. Ila nijibu moja kwa moja: kama programu hizi ni huria na kila mtu anaona msimbo wake, si mwizi naye anauona? Nilisikia Linux ilishaingiziwa kitu.

SevaNaMtandao

Swali zuri, na ulichosikia ni kweli. Nakueleza kwa kirefu kwa sababu siku ile ilinihusu.

Machi 2024, Andres Freund, mmoja wa wanaotengeneza hifadhidata ya PostgreSQL, anayefanya kazi Microsoft, aligundua kwamba kuingia kwenye mashine yake kwa SSH (njia ya kuingia kompyuta kwa mbali) kunachelewa kwa takribani nusu sekunde. Nusu sekunde tu. Wengine tungesema mtandao mzito. Yeye akafuatilia hadi akakuta mlango wa siri ndani ya xz, programu ya kubana mafaili iliyomo karibu kila Linux. Matoleo yaliyoathirika yalikuwa 5.6.0 na 5.6.1. Aliyeuweka alijiita Jia Tan, na alikuwa amechangia mradi ule kwa zaidi ya miaka miwili akijenga imani, wakati mtunzaji wa awali alikuwa mtu mmoja anayejitolea na aliyekwisha kuchoka.

Mimi nasimamia seva za taasisi ndogo hapa mjini. Habari ilipotoka nilikaa usiku nikizikagua moja moja. Zote zilikuwa Debian 12, na xz yake ilikuwa 5.4.1, toleo la kabla ya mlango. Matoleo yenye sumu yalikuwa yameingia kwenye distro za majaribio zinazokimbilia vitu vipya. Zile tulivu zilinusurika.

Kwa hiyo ndiyo, mwizi anauona msimbo. Na Freund aliweza kuufuatilia mpaka mwisho kwa sababu naye aliuona. Kinachonikosesha raha ni jambo la pili: dunia nzima ilikuwa inategemea jioni za mtu mmoja. Tukipata faida kutoka kwenye programu hizi tuwakumbuke wanaozitunza, hata kwa kuripoti hitilafu vizuri au kutafsiri kurasa chache. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishafanya hivyo 2004 kwenye mradi wa Kilinux, ukatoka OpenOffice ya Kiswahili iliyoitwa Jambo OpenOffice. Kazi kama ile inahitaji watu wapya kila mwaka, la sivyo programu inasonga mbele na Kiswahili kinabaki nyuma.

Jambo la vitendo: kwenye mashine ya kazi tumieni toleo la muda mrefu. Oktoba 2025 Ubuntu 25.10 ilitoka na zana za msingi zilizoandikwa upya kwa lugha ya programu ya Rust, hatua ninayoiunga mkono, lakini kasoro kwenye amri ya date ilifanya baadhi ya mashine ziache kujitafutia masasisho. Ilirekebishwa haraka. Waliobaki na 24.04, toleo la muda mrefu, hawakuguswa.

Takwimu Sengerema

Nami nipo kwenye kituo cha afya, upande wa takwimu. Ripoti zetu za mwezi zinaingia kwenye DHIS2, mfumo ambao ni programu huria, ulioendelezwa chini ya Chuo Kikuu cha Oslo. Kwa kuwa ni wa kwenye kivinjari, haujali kama una Windows au Linux. Firefox inatosha.

Kilichonigomea ni jedwali la Excel lenye makro (amri zinazojiendesha ndani ya jedwali) ambalo tumelirithi kwa watangulizi. Linafanya hesabu za dawa. LibreOffice Calc inalifungua, namba zinaonekana, ila vitufe vyake havifanyi kitu. Nilimwita fundi kutoka Mwanza, na kwa kuwa daraja la Kigongo–Busisi lilishafunguliwa, Juni 2025, alikuja na kurudi siku hiyohiyo bila kusubiri kivuko. Akashauri tusiitafsiri ile makro. Tukakaa tukaandika kwenye karatasi inafanya nini hasa, tukakuta robo tatu ya mambo yake hakuna anayeyatumia. Tukajenga jedwali jipya kwa fomula za kawaida. Sasa linafunguka kwenye Excel na kwenye Calc, na mwenzangu wa zamu analielewa. Wenye majedwali ya kurithi, anzieni hapo.

Ramani na Mialo

Nimesoma chuo Malimbe, sasa nafanya kazi za ramani kwa wanaotafiti uvuvi. Nisingeweza kufanya kazi hii kama si programu huria, nalisema hili kwa dhati. Leseni ya programu za ramani za kibiashara kwa mwaka ni pesa ambayo kijana wa huku haioni. QGIS niliishusha bure nikiwa mwaka wa pili, na nimebaki nayo.

Ziwa letu lina takribani kilomita za mraba 68,800, na karibu nusu iko Tanzania. Mialo, yaani sehemu za ufukweni wavuvi wanaposhushia samaki, iko mingi na haitulii mahali pamoja. Maji yalipopanda sana mwaka 2020, kuna mialo ilihama, kuna banda za dagaa zilimezwa, na ramani za zamani zikawa hazina maana. Ninachofanya nachukua picha za setilaiti ya Sentinel-2, ambazo Umoja wa Ulaya unazitoa bure na kila nukta yake ni mita 10 ardhini, nazifungua kwenye QGIS, nachora ukingo wa maji wa miaka tofauti. Magugu maji pia yanaonekana waziwazi kwa sababu mmea hai unaakisi sana mwanga wa infraredi kuliko maji. Siku moja unayaona yamejaa Ghuba ya Mwanza, upepo ukigeuka picha inayofuata yako kwingine.

Majina ya mialo na njia za miguu nayaingiza OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni, nikitoka uwandani. Natumia simu yenye programu ya kuchukulia alama, nikirudi nyumbani nasafisha. Wazee wa mwalo wakiona jina la mahali pao limeandikwa sawa kwenye ramani inayoonekana dunia nzima, siku inayofuata wananiita wenyewe wanionyeshe visiwa vidogo ambavyo hakuna mgeni anavijua.

Nilikwama kwenye RAM. Laptopu yangu ilikuwa na GB 4, picha moja ya setilaiti ikiingia kila kitu kinasimama. Niliongeza hadi GB 8, nikatoa diski ya kuzunguka nikaweka SSD. Nawaambia wote: kabla ya kubishana distro, nunua SSD. Na picha ikateni kwanza kwenye eneo unalolihitaji, msifungue kipande kizima.

Dagaa Mwaloni

Habari zenu ndugu zangu. Mimi si mtu wa kompyuta, nauza dagaa kwa magunia Kirumba. Wanunuzi wangu wengine wanatoka Congo, Rwanda na Burundi. Mtu analipa nusu kwa shilingi, nusu kwa dola, deni linabaki kwa faranga. Daftari lilikuwa linanitesa.

Mtoto wa dada yangu aliniwekea GnuCash kwenye laptopu yenye Mint. Inatunza hesabu za sarafu tofauti bila kuzichanganya, unaandika kiwango cha siku hiyo tu. Inataka kila pesa iwe na ilikotoka na ilikokwenda. Mwanzo nilichukia, baadaye nikaona ndiyo iliyonionyesha kwamba mzigo wa msimu wa mbalamwezi unaninunulisha ghali kuliko ninavyouza, kwa sababu siku hizo wavuvi hawatoki na dagaa zinaadimika.

Shida yangu ni mhasibu anayenifungia hesabu mwisho wa mwaka. Ana programu yake ya Windows na anasema faili langu halifunguki kwake. Nifanyeje, ninunue ya kwake?

FundiMakoroboi

Usinunue kwanza, kaka. GnuCash ina sehemu ya kuhamisha miamala kwenda CSV (faili la jedwali la kawaida), na ripoti ya mizania unaweza kuitoa kama PDF. Mhasibu anaweza kufungua CSV kwenye Excel akaingiza kwake. Mpigie mkae pamoja, ajue safu ipi ni ipi. Asipokubali, na kama mashine yako ina GB 8, naweza kukuwekea Windows ndani ya VirtualBox, programu inayoendesha mfumo mmoja ndani ya mwingine, kwa ajili ya programu hiyo tu. Leseni yake itabidi uilipie, hilo lipange kwenye gharama.

Kwa wote mliouliza faragha habari za bando: faili la Mint ni takribani GB 3. Usilishushe kwa bando la siku. Njoo na flashi ya GB 8 kwenda juu, nakunakilia bure. Nina flashi yenye Ventoy, ambayo unaweka mafaili ya distro kadhaa pamoja na kuchagua unapowasha. Kabla sijampa mtu nalinganisha SHA256 (alama ya kuhakiki kwamba faili halijachezewa) na ile iliyo kwenye ukurasa wa Mint wenyewe, nanyi mkipewa na mtu mwingine yeyote fanyeni hivyo. Ofisini kwangu pia nimeweka apt-cacher-ng: mashine ya kwanza ikishusha sasisho, zinazofuata zinalichukua hapahapa bila kugusa bando. Mwenye stesheneri au maabara ya shule aliweke, ni kazi ya mchana mmoja.

Mwalimu wa Nansio, zako nimeanza kuziandaa. Debian 12 ina DVD rasmi za biti 32, nitakuwekea zote kwenye diski moja pamoja na antiX. Niandikie faragha ni mashine ngapi hazina kisoma DVD, na zipi zinakataa kuwaka kwa USB, maana hizo za zamani nyingine hukubali CD tu na nitahitaji kukuchomea. Swichi ya milango 16 nimeiona kwa jirani Mtaa wa Rufiji. Kesho naijaribu na nitakutumia bei.